Roboti Hii au Roboti Huyu?

Nilitolewa mchezoni saa sita na nusu usiku, kwa kura saba. Ilikuwa gemu ya bure ya kurushiana risasi, jina lake tuliache, na seva niliyopangiwa ilikuwa Ulaya. Mimi nilikuwa Dar es Salaam kwenye chumba cha hosteli, nimesubiri bando la usiku lianze ili nicheze kwa bei ninayoimudu. Mtandao uliganda kwa sekunde mbili au tatu. Ulipoachia, mhusika wangu alikuwa ameshatoka mlangoni na kuibuka katikati ya uwanja bila mtu kumwona akipita njiani, na mchezaji mmoja wa upande wa pili alikuwa chini. Kura ikajitokeza kwenye kona ya skrini: jina langu, na sababu, kwamba nadanganya. Mtu akaandika kuwa mimi ni roboti. Nikaanza kuandika, kwa Kiingereza cha haraka haraka, kwamba mimi ni mtu, ni mtandao tu unasumbua. Nilifika kwenye neno la tatu.

"Wamekutoa?" aliuliza mwenzangu wa chumba, macho yake bado kwenye simu.

"Wamesema mimi ni roboti."

"Wewe?" Hapo akaiweka simu chini. "Mwanangu, roboti wote wangekuwa wanalenga kama wewe, dunia isingekuwa na shida."

Nilicheka naye, kisha nikakaa nikiangalia skrini iliyonirudisha mwanzo. Kilichoniuma hakikuwa kutolewa. Nilikuwa nimekumbuka kidole changu mwenyewe. Nimecheza Team Fortress 2 kwa miaka kadhaa, na katika gemu ile kura ya kumtoa mchezaji hupigwa kwa kitufe cha F1 ukikubali na F2 ukikataa. Sikuweza kukumbuka ni lini niliwahi kubonyeza F2. Kura ilipotokea, kidole kilikwenda F1 chenyewe, kama mkono unavyokwenda kwenye swichi ya taa ukiingia chumbani gizani. Jina lililoandikwa pale mara nyingi sikulisoma.

Kiswahili hakinipi mahali pa kujificha katika jambo hili. Siwezi kumaliza hata sentensi moja kabla sijaamua ngeli. Roboti hii imeingia, au roboti huyu ameingia? Itoeni, au mtoeni? (Neno boti lenyewe nimeliacha, kwetu hilo ni la kwendea Zanzibar.) Nikisema "hii", nimeshapiga kura. Mwenzangu wa chumba, kwa utani wake, alisema "roboti wote", akawapa nafsi. Wale saba sijui walisema nini kwa lugha zao, ila najua walichobonyeza.

Nasoma uzamili wa fasihi, na sehemu kubwa ya kazi yetu ni kuuliza maandishi fulani yanamdhania msomaji wake kuwa mtu wa aina gani. Nadhani swali hilo linaweza kuulizwa kwa mifumo ya kupambana na roboti na wadanganyifu kwenye gemu za mtandaoni. Huwa tunaizungumzia kama suala la ufundi tu: inakamata au haikamati. Lakini kila mfumo wa namna hiyo umeandikwa na mtu, na ndani yake mna picha ya mchezaji mwaminifu. Upo unaomwona kama shahidi. Upo unaomwona kama mtuhumiwa ambaye zamu yake haijafika. Upo pia, nao ni nadra, ambao haumgusi kabisa. Mimi nitauhukumu kila mmoja kwa kuangalia nani anabeba gharama yake.

Nianze na kwa nini nilionekana mdanganyifu, maana haikuwa chuki ya watu saba. Mwaka 2001 mhandisi wa kampuni ya Valve, Yahn Bernier, alieleza hadharani mbinu ambayo hadi leo ni ya kawaida kwenye gemu za aina hii. Ukifyatua risasi, taarifa huchukua muda kusafiri hadi kwenye seva. Kwa hiyo seva inarudisha wakati nyuma: inawaweka wachezaji wengine pale walipokuwa wakionekana kwenye skrini yako ulipobonyeza kitufe, kisha inaamua kama umepiga au umekosa. Bila mbinu hiyo, mtu wa mbali angelazimika kulenga hewani, mbele ya adui, akibahatisha. Ni mbinu ya huruma kwa watu kama mimi. Sasa hamia upande wa aliyepigwa. Yeye mtandao wake ni wa kasi, na kwenye skrini yake ameshajificha nyuma ya ukuta. Bado anakufa. Kwa macho yake, nimemwona kupitia ukuta na risasi yangu imepita kwenye matofali, na hivyo hasa ndivyo wafanyavyo wadanganyifu walionunua programu ya kuona kupitia kuta. Umbali wangu na seva, takriban sehemu ya tano ya sekunde, unanifanya nifanane na mchawi.

Ushahidi ule alioutumia mtu wa Ulaya kunishuku ulikuwa wa kweli, basi. Alichokiona alikiona. Hapo ndipo ugumu ulipo, na hapo ndipo Team Fortress 2 inapokuwa kisa cha kusomwa kwa makini kuliko vyote ninavyovijua.

Gemu ile ilitoka Oktoba 2007, ikafanywa ya bure mwaka 2011. Ni gemu ya vichekesho: watu wenye mataya makubwa, kofia za ajabu, milipuko inayorusha maiti kama midoli. Inaendeshwa hata na kompyuta mpakato chakavu, na hiyo ndiyo sababu mimi na wengi wa rika langu tuliifahamu. Kufikia mwaka 2020 seva zake za kawaida zilikuwa zimefurika roboti. Nyingi zilichagua kuwa mdunguaji, yule mwenye bunduki ya masafa, kwa sababu risasi yake moja ya kichwa inatosha. Zilizunguka kama pia, zikitazama angani, kisha kwa mkupuo mmoja zikageuka na kukupiga kichwani kabla hujajua kama kuna mtu mbele yako. Zilijaza ukurasa wa maongezi kwa maandishi yaleyale, matusi na ubaguzi, na kupiga kelele kwenye maikrofoni. Aprili mwaka huohuo msimbo wa toleo la zamani la gemu hiyo ulivuja mtandaoni, na hofu ikaongezeka.

Kama zingekuwa zinaua tu, ningezisahau. Zilichofanya baadaye ndicho kilichonifanya nikae nazo kama mhakiki: zilianza kuiba majina. Roboti iliingia, ikasoma orodha ya wachezaji, ikajipa jina la mmojawapo na kupachika herufi isiyoonekana ili mfumo ulikubali. Sasa kuna watu wawili wenye jina lako. Mmoja anazunguka na kuua. Wenzako wanaanzisha kura, wanachagua jina, na nusu ya nyakati wanachagua lako. Wakati mwingine roboti zenyewe ndizo zilizoanzisha kura dhidi ya binadamu, nazo zikiwa nyingi upande mmoja zilishinda. Na binadamu waliobaki, wenye vidole kama changu, walizisaidia.

Mwaka 1938 Johan Huizinga, katika kitabu chake Homo Ludens, alitofautisha watu wawili wanaovunja kanuni za mchezo. Mdanganyifu anajifanya anacheza. Anaiba, lakini anaiba akiwa ndani, na kwa kujificha kwake anakiri kwamba kanuni zipo na zina uzito. Mharibu mchezo ni yule anayekataa mchezo wenyewe, anayesema hapa hakuna lolote ila watoto na mchanga. Huizinga aliona kwamba jamii humvumilia wa kwanza kuliko wa pili. Anayecheza bao barazani anaijua tofauti hii bila kusoma kitabu: anayeficha kete mkononi atagombezwa, atachekwa, na kesho atakaribishwa tena, anayepindua ubao hatasahaulika. Roboti za Team Fortress 2 zilikuwa za aina ya pili. Mwenye kuziendesha hakutaka kushinda, maana hakuwepo. Kompyuta yake ilikuwa ikicheza mechi nyingi kwa mpigo huku yeye pengine amelala. Alitaka tusicheze.

Lakini nadhani Huizinga hakufika hapa tulipofika, na siwezi kumlaumu. Mharibu mchezo wake alikuwa na mwili. Alipoondoka, wengine waliweza kuuanza mchezo upya. Roboti iliyochukua jina lako haiondoki na wala haikatai mchezo waziwazi. Inakaa na kuharibu kitu kilichotangulia kanuni, yaani ile imani kwamba aliye mbele yako ni mtu. Baada ya mwaka mmoja wa hali hiyo, mchezaji mzuri kupita kiasi alishukiwa, mchezaji mbaya kupita kiasi alishukiwa, na mgeni asiye na picha kwenye akaunti yake alishukiwa kabla hajasogea.

Watu walibuni ishara. Ukikutana na mtu mlangoni unachuchumaa na kusimama, unachuchumaa na kusimama, mara mbili tatu. Naye akijibu vivyo hivyo mnajua. Kuna waliocheza ngoma zile za kejeli ambazo gemu huwapa wahusika wake. Sijawahi kusoma mahali salamu hii ikichukuliwa kwa uzito, na inastahili. Mwili wa kuchora, usioweza kutabasamu, unapiga magoti kumwambia mwenzake kwamba yupo mtu huku nyuma. Usiku ule nilipokuwa natolewa kwenye ile gemu nyingine, mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukibonyeza kitufe cha kuchuchumaa. Mtandao ulikuwa umeganda tena. Sidhani kama kuna aliyeona.

Valve ilijibu Juni 2020 kwa hatua ambayo kwa maoni yangu ndiyo mbaya kuliko zote ninazozijadili hapa, ingawa ilieleweka. Akaunti mpya ambazo hazijalipiwa zilizuiwa kuandika na kuzungumza kwenye mechi rasmi. Kelele za roboti zilipungua kwa muda. Waliozima sauti pamoja nazo walikuwa wachezaji wote wapya wasiotoa pesa: watoto, wasio na kadi ya benki, wanaoishi mahali ambapo dola tano ni uamuzi wa wiki nzima. Tazama mantiki yake. Kitu kimoja ambacho binadamu angeweza kukitumia kwa urahisi kuonyesha kwamba yeye ni binadamu, yaani kujibu akiulizwa, ndicho alichonyang'anywa. Na kimya chake sasa kikawa dalili. Roboti kimya na mgeni kimya hawana tofauti. Wenye roboti wakalipia akaunti chache, au wakatumia zilizoibwa, wakaendelea.

Mei 2022 wachezaji walipiga kelele kwa pamoja mtandaoni wakiomba gemu iokolewe, Valve ikajibu kwa ujumbe mfupi kwamba imesikia na inashughulikia, na yakaja masasisho yaliyoboresha upigaji kura. Roboti zikapungua, zikarudi. Juni 2024 kelele ilipigwa tena kwa jina la FixTF2, safari hii na waraka uliokusanya sahihi zaidi ya 300,000, na maoni mabaya yakafurika kwenye ukurasa wa gemu hiyo dukani. Mwishoni mwa mwezi huo akaunti za roboti zilianza kufungiwa kwa makundi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi seva zikatulia. Kwa wanaopenda takwimu, hapo ndipo hadithi inapoisha. Mimi ninabaki na ile miaka minne ambayo kazi ya ulinzi ilikuwa yetu, kwa F1 na F2, na namna ilivyotufundisha kutazama watu.

Si kwamba kuwapa wachezaji uamuzi ni kosa lenyewe. Valve hiyohiyo, kwenye Counter-Strike: Global Offensive, ilianzisha mwaka 2013 utaratibu ulioitwa Overwatch, na huo naupenda. Mchezaji mzoefu alipewa rekodi ya mechi ya mtu aliyeshtakiwa. Jina lilifichwa, mtu yule aliitwa Mtuhumiwa tu. Maongezi yalifichwa pia, ili usimhukumu kwa lugha yake au matusi yake. Ulitazama raundi kadhaa, kisha ukachagua: imethibitika pasipo shaka ya msingi, au ushahidi hautoshi. Hukumu yako pekee haikumfunga mtu. Ilijumlishwa na za wengine. Hii ni mahakama ya kweli, yenye muda na yenye macho. Ilimchukulia mchezaji wa kawaida kama mtu anayeweza kukaa dakika kumi akitazama kwa makini jambo lisilomfaidi moja kwa moja. Kura ya kwenye skrini inakupa sekunde chache huku unapigwa risasi.

Kilichotokea baada ya hapo kinanisaidia kuelewa usiku wangu. Mwaka 2018 John McDonald, mtayarishaji programu wa Valve, aliueleza mkutano wa watengeneza gemu kuhusu VACnet, mfumo wa kujifunza kwa mashine uliofundishwa kwa hukumu zile za Overwatch. Kesi zilizoletwa na wachezaji kwa kuripotiana zilikuwa zikiishia kwenye hatia kati ya asilimia 15 na 30 tu. Zilizoletwa na mashine ziliishia kwenye hatia kati ya asilimia 80 na 95. Kutothibitika si sawa na kutokuwa na hatia, najua. Bado tofauti ile ni kubwa mno. Maana yake ni kwamba tukiwa na hasira, mechi imetuendea vibaya na kitufe cha kuripoti kiko karibu, mara nyingi tunamshtaki mtu ambaye wenzetu waliotulia hawatamwona na kosa. Na mashine iliyotushinda kwa mbali ilifundishwa na sisi wenyewe tulipokuwa tumetulia. Natamani takwimu ile ingeandikwa juu ya kila kura ya kumtoa mtu.

Kuna jambo jingine nililoligundua nikilinganisha mifumo hii: baadhi yake inafurahia adhabu. Call of Duty, kupitia mfumo wake wa Ricochet, haikutosheka kuwafungia wadanganyifu. Mwaka 2022 ilitangaza kwamba mdanganyifu aliyegundulika anaweza kujikuta haoni maadui wala kusikia risasi zao, huku wao wakimwona vizuri na kummaliza. Juni 2023 ikaongeza mazigazi: wahusika wa uongo wanaoonekana kwa mdanganyifu peke yake, wakitembea kama mtu halisi kwa sababu wamenakili mwendo wa mchezaji halisi aliyemo kwenye mechi. Yeye anawarushia risasi, na wengine wote wanamwona mtu anayepigana na hewa. Baadaye miavuli ya wadanganyifu ikaanza kutofunguka, wakapasuka chini kama maembe. Nilipozisoma habari hizi mara ya kwanza nilicheka kwa sauti. Ni kazi ya mtu mwenye kipaji cha tamthilia. Mdanganyifu alinunua macho ya ziada, naye akapewa vya kuona.

Nikizisoma sasa nacheka nusu. Mzaha wa aina hii unatamka jambo moja bila kulisema, kwamba mfumo hauwezi kukosea. Hakuna anayemtegea mwenzake mzaha wa namna hii akiwa na shaka naye. Oktoba 2024 Activision, kampuni yenye gemu hiyo, ilikiri kwamba kulikuwa na upenyo katika mfumo wake wa utambuzi ulioathiri akaunti chache, kwa maneno yake, za wachezaji halali. Baadaye mdukuzi mmoja alidai kuwa yeye ndiye aliyeutumia upenyo huo na kwamba waliofungiwa walikuwa maelfu. Kwa maelezo yake, mfumo ulikuwa ukitafuta maneno fulani kwenye kumbukumbu ya kompyuta, majina ya zana za udanganyifu. Yeye alichofanya ni kumtumia mtu ujumbe ndani ya gemu wenye maneno hayo, yakaingia kwenye kompyuta ya mtu huyo, na mtu akafungiwa. Idadi wanabishania. Mimi inanishangaza mbinu yenyewe. Kwetu hapa uchakachuaji ni neno la mafuta na la uchaguzi, na tumezoea kufikiri kwamba kinachochakachuliwa ni bidhaa au kura. Hapa kilichochakachuliwa ni ushahidi, kwa kumnong'oneza mtu neno tu.

Kuhusu mifumo inayoingia ndani kabisa ya kompyuta sina mengi. Vanguard, ya kampuni ya Riot Games, inaanza kazi pamoja na mfumo endeshi unapoiwasha kompyuta yako, hata kama leo huna mpango wa kucheza, na tangu mwaka 2024 imeenea hadi League of Legends. Wanaocheza huko husema inafanya kazi, nami sina sababu ya kubisha. Lakini picha yake ya mchezaji mwaminifu ni ya mtu anayemiliki kompyuta yake peke yake, ya kisasa vya kutosha, yenye mfumo endeshi unaotakiwa. Mwishoni mwa Oktoba 2024 Apex Legends iliwafungia nje watumiaji wote wa Linux kwa hoja kwamba wadanganyifu walikuwa wakipitia huko. Na anayecheza kwenye kompyuta ya kukodi kwa saa, iliyokaliwa asubuhi na mtu asiyemjua, yeye hayumo kwenye picha hiyo tangu mwanzo. Kufungiwa kwa kutambua mashine kunafaa pale ambapo mashine moja ni mtu mmoja.

Mfumo ninaoupenda kuliko yote haukumwomba mtu chochote. Februari 2023 Valve ilitangaza kwamba imefungia akaunti zaidi ya 40,000 za Dota 2. Wadanganyifu wale walikuwa wakitumia programu inayosoma data za ndani ya gemu ambazo mchezaji wa kawaida hazioni. Walipopata namna ya kuliziba tundu lile, kabla ya kuanza kufungia watu, watengenezaji walitoa sasisho lenye mtego: eneo la data ambalo gemu ikichezwa kawaida halisomwi kamwe, lakini programu ya udanganyifu ingelisoma. Kisha wakangoja. Kila aliyefungiwa alikuwa amelisoma eneo lile la siri. Ni kama kuweka asali ndani ya chumba kisicho na mlango. Ukikuta alama ya mkono huna haja ya kuuliza mwenye mkono alikuwa anatafuta nini. Hakuna aliyehukumiwa kwa kuwa hodari mno, kwa mtandao wake, kwa ukimya wake, wala kwa jina lake. Mchezaji mwaminifu hakujua kuwa mtego upo hadi alipousoma kwenye habari. Kama kuna maandishi bora katika fani hii, ni hayo.

Mtego hauwezi kila kitu, hasa kwa sababu si kila anayeitwa roboti anasoma kumbukumbu za siri. Kuna wanaofanya kazi. Tangu zamani, kwenye gemu za dunia kubwa kama World of Warcraft, wapo watu wanaochuma dhahabu ya gemu saa nyingi kwa siku na kuiuza kwa pesa halisi. Wa China waliandikwa sana miaka ya 2000. Uchumi wa Venezuela ulipoporomoka, watu wa huko waliingia Old School RuneScape kwa ajili hiyohiyo. Walikuwa wakiua majoka ya kijani, mamoja kwa mamoja, kutwa nzima, na kuuza walichookota, kwa sababu sarafu ya gemu ile ilikuwa na thamani ya kuaminika kuliko bolívar ya nchini mwao. Kanuni za gemu zinakataza kuuza dhahabu kwa pesa halisi, na kanuni hiyo ina sababu. Lakini mwaka 2017 ulisambaa mtandaoni mwongozo ulioandikwa na mchezaji kuwaelekeza wenzake namna ya kuwawinda Wavenezuela kwenye majoka yale. Mzaha, walisema wengine.

Mtu anayerudia tendo moja kwa saa kumi, asiyeongea kwa sababu hajui Kiingereza, asiyeinua kichwa kwa sababu kila dakika ni chakula, anaonekanaje kutoka nje? Anaonekana kama roboti. Dalili zote zipo. Mfumo wa kutambua mienendo ya kujirudia utamwona hivyohivyo, na kijana aliyekuja kustarehe baada ya shule atamwona hivyohivyo. Nimejaribu kuandika sentensi kuhusu watu hawa kwa ngeli ya "hizi", kama ambavyo wengi wao lazima walisemwa, na kalamu imekataa. Nilipowaza juu ya wale niliowabonyezea F1 bila kusoma majina, kalamu hiyohiyo haikuwa na shida.

Likizo iliyopita niliifungua tena Team Fortress 2. Seva zilikuwa safi, watu wanacheka kwenye maikrofoni, mtu anapiga muziki wa kwao ambao sikuutambua. Dakika ya ishirini hivi ikatokea kura. Jina lilikuwa la kawaida, lile ambalo mtu hajajisumbua kulibadilisha, na sababu ilikuwa kudanganya. Safari hii nilimtafuta. Alikuwa kwenye chumba cha kuanzia, ameelekea ukutani, hasogei. Inawezekana ilikuwa moja ya zile zinazokaa kimya kukusanya vitu vya kuuza. Inawezekana alikuwa ameenda kufungua mlango. Nilisimama mbele yake nikachuchumaa na kusimama, mara tatu. Hakukuwa na jibu, na sekunde zilikuwa zinaisha, nikabonyeza F2. Kura ikapita hata hivyo, na jina likafutika kwenye orodha. Alikuwa bado hajageuka.